Chuma Kwanza, Breki Pili, Injini Mwisho: Hotuba kwa Mafundi na Wenye Datsun za Zamani

Haya ndiyo niliyozungumza mbele ya mafundi wa jua kali, wanafunzi wa ufundi na wenye magari ya zamani tulipokutana Nairobi. Wengi waliomba yaandikwe yote kwa ajili ya wenzao waliokuwa kazini. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, mafundi wenzangu, kina mama na kina baba mlioleta magari yenu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: hamjambo?

Nimepewa mada ya kufufua gari la spoti la zamani na kulifunga injini nyingine. Ningeweza kuyazungumzia magari yote, lakini maneno ya jumla hayafungui nati. Nimechagua gari moja, Datsun 240Z, na nina jambo moja la kuwashikisha. Injini ndiyo kazi ya mwisho. Chuma kwanza. Breki pili. Injini mwisho. Na hiyo injini ikifika zamu yake, ifungwe kwa namna ambayo fundi wa miaka 30 ijayo ataweza kuishusha na kurudisha ile ya kiwandani bila kukuta gari limekatwakatwa.

Kwa nini 240Z? Kwa sababu gari hili lilipata jina katika vumbi letu na matope yetu. Nani hapa hajasikia habari za Safari Rally, mbio za magari za huku kwetu? Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa 240Z, na nyuma yao, nafasi ya pili, wakaja Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao kwa 240Z. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alimaliza sare kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa akiendesha Datsun nyingine. Ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, na ushindi ukaenda kwa Mehta. Ndiye huyo aliyekuja kuishinda Safari mara 5. Lile gari la 1971 liko Japani, kwenye hifadhi ya Nissan, waundaji wa Datsun, pale Zama, na bodi yake ina mibonyeo ya barabara zetu mpaka leo. Wajapani hawakuinyoosha. Wanajua thamani ya mibonyeo ile, na mimi ningependa nasi tuijue.

Lile liko kwao. Haya yaliyobaki huku je? Yale yetu mnayatambua kwa namba ya chasisi inayoanza na HS30, alama ya 240Z za usukani wa kulia. Za Marekani huanza na HLS30. Na kwa sheria ya Kenya ya miaka 8 kwa magari yanayoingizwa nchini, si rahisi kumwona mfanyabiashara akishusha nyingine bandarini. Kwa hiyo kila HS30 inayokatwa vipande Kariobangi ili iuzwe kwa kilo, tumepungukiwa na moja isiyo na mbadala. Hilo linaniuma, na natumaini linawauma na ninyi.

Sasa kuna swali ninaloulizwa kila mahali. Fundi, je, si kuliharibu gari, kulitoa injini yake na kulitia nyingine? Swali zuri. Nalijibu kwa swali. Yale magari yaliyoshinda Safari yalikuwa kama yalivyotoka dukani? Hayakuwa. Yalifungwa taa za ziada, bamba za kukinga tumbo, springi na shoki za kazi. Na kiwanda chenyewe je? 240Z ya soko la nje ilikuja na injini ya L24, silinda 6 mstari mmoja, cc 2,393, na kabureta mbili. Nyumbani Japani, ambako gari hili liliitwa Fairlady Z, watu wengi walinunua lile lenye injini ya lita 2. Halafu kiwanda kikachukua injini ya S20, iliyokuwa ya Skyline GT-R, gari la kasi la Nissan la siku zile, yenye kemshafti mbili juu na vali 24, kikaishusha ndani ya bodi hii hii, gari likaitwa Z432. Yalitengenezwa mia nne na ushei tu, na leo ni kati ya magari ya Kijapani yanayotafutwa sana duniani. Anayekwambia kutia injini ya GT-R ndani ya Z ni mwiko, mwambie kiwanda ndicho kilichotangulia.

Na huku kwetu? Huku tumekuwa tukibadilisha injini kabla hata ya watu wa mitindo kujua kwamba ni mtindo. Ni Land Rover ngapi mmeziona zenye injini ya Toyota au ya Isuzu? Hiyo haikuwa fahari, ilikuwa ni kutafuta riziki.

Kuna Z moja ililetwa gereji tunakofanyia kazi, imevutwa kwa kamba kutoka upande wa Nakuru. Tulipofungua boneti tukakuta injini ya silinda 4 ya pikapu ya Datsun. Kati ya injini na radieta palikuwa na nafasi ya mtoto kusimama. Mwenye gari, mama mwalimu mstaafu, akatueleza kwamba krenki ya L24 ilivunjika miaka ya 1980, spea zikakosekana, na marehemu mumewe akamwambia fundi atafute chochote kitakachowaka. Kwa injini hiyo ya pikapu watoto wao walipelekwa shule mpaka wakamaliza. Sasa niambieni, fundi yule aliliharibu gari? Hata kidogo! Alilinusuru. Tena tazameni alivyofanya: mikono ya kushikia injini aliitengeneza kwa boliti, reli za chasisi hakuzigusa. Na ile L24 iliyovunjika akawaambia wasiuze. Tuliikuta stoo, chini ya magunia, na namba yake ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye kibati. Fundi yule hakusoma chuo chochote, lakini aliwaza habari za mtu atakayekuja baada yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua baadhi yenu hamtaupenda. Kama gari lina injini yake ya kuzaliwa, namba zinaoana, na bloki ni zima, msiitoe. Ifanyieni ovaholi. Kama mnataka kukimbia mashindano ya magari ya kihistoria, msiitoe pia, maana mashindano yale yanataka gari liwe na maumbile ya enzi yake. Kubadilisha injini ni haki ya gari lililokwisha kupoteza yake, au ambalo bloki limepasuka mahali pasipotengenezeka. Na magari ya namna hiyo, ndugu zangu, ndiyo mengi tuliyo nayo.

Tuje kwenye chuma.

240Z ina uzito wa kilo 1,040 hivi. Wepesi huo ulitoka kwenye mabati membamba, na mabati ya mwanzo wa miaka ya 1970 hayakuwa na kinga ya kutu ya kutegemewa. Gari lililoishi Mombasa au Malindi limelala na hewa ya chumvi kila usiku wa maisha yake. La Nairobi nalo lina matope yaliyokauka ndani ya vizingiti vya milango na kushika unyevu humo kwa miaka.

Mwanafunzi mpya simpi spana siku ya kwanza. Nampa bisibisi kuukuu, nyundo ndogo na sumaku iliyofungwa kitambaa, namwambia alizunguke gari. Pale sumaku inapoanguka, chini ya rangi hamna bati, kuna pati ya kuzibia matundu. Nyundo ikigonga bati zima, hulia. Ikigonga kutu, sauti hufa.

Binti mmoja tuliyekuwa tukimfundisha alipewa akague Z nyekundu iliyotoka kupakwa rangi, inang'aa mpaka unajiona sura. Mwenyewe alikuja na neno moja tu mdomoni: turbo. Anataka turbo. Binti akainua betri, akakwaruza rangi nyeusi chini ya kisinia chake, akaweka ncha ya bisibisi. Ikazama bila kusukumwa. Alipoichomoa ilitoka na unga wa rangi ya majani ya chai. Hakusema kitu. Akaingia chini ya gari na tochi, akafuata kwa kidole njia iliyopita asidi ya betri: kutoka kwenye kisinia, ikashuka ukuta wa ndani wa mudigadi, ikafika kwenye reli ya chasisi pale sakafu inapoanzia. Reli ya gari hili ni mfereji wa bati wenye kuta tatu. Ya pale ilibakiwa na mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa ikipepea.

Mngelifungia gari lile injini ya nguvu za farasi 250? Rangi mpya juu ya kutu ni sawa na kupaka ukuta chokaa huku mchwa wako ndani ya nguzo. Mwenye gari alipoonyeshwa, alikaa chini kwenye tairi kwa muda, kisha akauliza, "Tuanzie wapi?" Nikampenda kwa swali lile.

Mnaanzia hivi. Kabla hamjakata hata kipande kimoja cha kizingiti, chomeleeni vyuma vya mraba ndani ya nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Pimeni mwanya wa mlango juu, katikati na chini, mwandike. Kwa nini? Kwa sababu gari hili halina fremu iliyojitenga, bodi ndiyo inayojibeba. Ukikata kizingiti bila kuishikilia, inalegea milimita chache, unachomelea bati jipya juu ya mpindo, na mlango ule hautafunga sawa tena mpaka siku ya mwisho wa gari. Nimeona Z za watu wa heshima ambazo lazima uinue mlango kwa goti ndipo ushike. Chanzo ni hapo.

Kisha kata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa. Sisemi mpaka kutu ionekane kidogo, nasema mpaka ing'ae. Sakafu, reli, vizingiti, kona za nyuma ya milango, chini ya kioo cha mbele maji yanapokusanyika, na kitanda cha tairi la spea. Ukimaliza kuchomelea, mimina mafuta ya kinga ndani ya reli na vizingiti, maana kutu ya gari hili hutoka ndani kuja nje. Fundi anayepiga rangi nje tu na kuacha ndani pakavu amemwibia mteja.

Tukishapata bodi imara ndipo tuulize: injini gani? Ni kuichagua tu, maana kuifunga kunangoja breki, nami nitazifikia.

Boneti ya Z ni ndefu kwa sababu ilichorwa kwa silinda 6 za mstari. Kwa hiyo injini za mstari ndizo zinazokaa humo bila ugomvi. Ya kwanza ninayoitaja ni ndugu wa damu: L28, cc 2,753. Inakaa kwenye mikono ile ile, inapokea giaboksi ile ile, na haikatwi kitu. Mtaipata wapi? Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980 nyingine zilikuja na L28. Nyingi zimelala nyuma ya gereji na mashambani. Kwa mtu anayetaka gari la kwenda Naivasha Jumapili na kurudi, lenye sauti yake ile ile ya asili, mimi namwambia achukue L28 na aishie hapo. Simwambii hivyo kwa kumwonea huruma mfukoni. Ndiyo ninayoipenda mwenyewe.

Ya pili ni RB, ukoo uliopokea kijiti kutoka kwa L huko Nissan. RB25 isiyo na turbo mtaikuta kwenye Laurel na Skyline zilizokuja kwetu za mitumba. RB25DET yenye turbo, ile ya Skyline ya R33, ilitolewa na nguvu za farasi 250, ilhali L24 ilitangazwa na 151 kwa vipimo vya Marekani vya wakati ule, ambavyo vilikuwa vya ukarimu. Na hapa turbo ina hoja yake ya haki, si kishindo tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho kabla hujakanyaga pedali. Na wale wa kabureta mnajua taabu nyingine: ukizirekebisha ziwake vizuri Nairobi, ukishuka Mombasa petroli inakuwa kidogo kwa hewa nyingi, injini inapata joto. Turbo inaisindika hewa, na kompyuta inapima petroli yenyewe, mlimani na pwani.

Lakini sikilizeni vizuri mnapokwenda kununua.

RB26 ya GT-R inapendwa na kila kijana. Je, mnajua kwamba GT-R huvuta kwa magurudumu manne, na difu ya mbele imejengwa pamoja na sampu, lile sinia la mafuta chini ya injini? Sampu ile haiingii kwenye Z. Lazima utafute sampu ya RB ya magurudumu ya nyuma pamoja na bomba lake la kunyonyea mafuta. Nimemwona mtu ameleta injini ya bei ya kiwanja, ikaning'inia kwenye krini juu ya gari, na haishuki. Ikakaa juu ya matairi wiki kwa wiki ikisubiri sampu.

Na waya! Muuzaji akiwa na haraka hukata waya kwa msumeno katikati ya mkungu, anakuuzia injini, na kompyuta anaitupa au anamuuzia mwingine. Kuna fundi wa umeme, mzee wetu wa Grogan, huko kwenye spea za magari Nairobi, aliwahi kuletewa RB ya namna hiyo, waya zaidi ya 60 zimekatwa sawasawa kama nywele. Alikaa kwenye kigoda siku nyingi, ohomita mkononi, akifuatilia waya mmoja mmoja kutoka kwenye sensa hadi kwenye ncha iliyokatwa, na kila alioutambua akiufunga karatasi na kuuandika kwenye daftari la shule: rangi, kazi, pini namba ngapi. Gari liliwaka. Daftari lile bado limo ndani ya gari. Lakini ujira wa siku zote zile ulizidi tofauti ya bei kati ya injini tupu na nusu gari zima. Kwa hiyo nunueni nusu gari, lile lililokatwa kutoka kwenye nguzo ya mbele, lenye injini, giaboksi, waya, kompyuta, kipima hewa, na hata kanyagio. Usinunue injini bila kompyuta yake. Nasema tena, usinunue injini bila kompyuta yake.

Kuna jambo ambalo maelekezo ya Wamarekani hayawaambii, na vijana wetu wengi hujifunza kutoka kwao. Wao wanakaa kushoto. Kwenye L24, kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, kushoto. Kwenye RB, ekzosi na turbo ziko kulia. Kulia kwa Mmarekani ni upande wa abiria, hakuna kitu. Kulia kwetu ni wapi? Ni pale shafti ya usukani inaposhuka na silinda kuu ya breki ilipofungwa. Turbo inakuwa jirani ya mabomba ya breki, na huwa nyekundu kwa joto ukiikimbiza. Kwa hiyo sisi wa usukani wa kulia tuna kazi ya ziada: ngao ya bati mara mbili yenye pengo la hewa katikati, kitambaa cha kuzuia joto kwenye bomba, na bomba la breki lihamishwe njia. Hili halina mjadala.

Petroli nayo imebadilika. Kabureta inaridhika na msukumo wa bar 0.25 hivi. Injekta za RB zinataka karibu bar 3. Bomba za mpira za zamani zitapasuka, zitoeni zote. Na tangi la Z halina vizuizi vya kutosha ndani, kwa hiyo ukikata kona ndefu petroli inakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, na injini ya turbo ikikosa petroli katikati ya kazi, pistoni zinayeyuka. Fungeni tangi dogo la kati, pampu ndogo ilijaze muda wote, na pampu kubwa inyonye humo. Ni kitu cha kuchomelewa na fundi yeyote makini.

Propela shafti itakatwa au kurefushwa, na lazima isawazishwe kwenye mashine. Difu ya 240Z ni R180. Namba hiyo ni upana wa gurudumu la meno kwa milimita. Kwa RB ya turbo tafuteni R200, iliyokuja kwenye 280Z na kwenye Skyline, lakini ya Skyline itahitaji kutengenezewa mahali pa kukaa.

Na sasa breki. Hapa naomba utulivu.

Kijana mmoja alifunga injini ya turbo kwenye Z, kazi safi, waya zimepangwa vizuri kuliko za kiwandani. Breki akaziacha zile zile, pamoja na mafuta ya breki yaliyomo tangu gari lilipokuwa limesimama. Akateremka ule mteremko wa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu na rafiki yake pembeni. Katikati ya mteremko kanyagio likaanza kuwa laini, kisha likazama mpaka sakafuni. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akalipeleka gari kwenye ukingo wa mlima, likasugua mpaka likasimama, si mbali na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa vita. Mwenyezi Mungu aliwahifadhi wote wawili. Lori lilikuwa linapanda.

Nini kilitokea? Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishashiba maji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu wako unakanyaga hewa. Gari lilikuwa na nguvu karibu mara mbili ya zamani, lakini breki zake zilikuwa za mwaka 1971 na mafuta ya mwaka asioujua mtu.

Na dawa tunayo mlangoni! Kalipa, yaani vile vishikio vinavyobana diski ya breki, za mbele za Toyota Hilux inayovuta kwa magurudumu manne, zile za mwanzo wa miaka ya 1980, zina pistoni nne, na zinakaa kwenye miguu ya 240Z kwa boliti zile zile. Utakata au kukunja kidogo bati la kukinga vumbi, basi. Nchi gani duniani ina Hilux kuukuu kuliko yetu? Wenzetu wa mbali huziagiza kwa meli. Sisi tunazipita kila asubuhi. Zinunueni, muweke pistoni na mipira mipya, mfunge na silinda kuu kubwa zaidi ya ile ya inchi 7/8; ya 280ZX, ya inchi 15/16, ndiyo inayotumika sana. Badilisheni mabomba yote ya mpira. Gari litembee na breki hizo likiwa bado na injini yake dhaifu. Likisimama sawa mara mia, ndipo muilete RB.

La mwisho ni karatasi, na nitalipitia haraka kwa sababu sheria haina hadithi ndefu. Namba ya injini imo kwenye logibuku. Ukibadilisha injini, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wanapaswa kujua, gari likaguliwe na logibuku irekebishwe. Mwambie na mtu wa bima, kwa maandishi. Na unaponunua injini, dai karatasi za forodha, kwa sababu injini isiyo na karatasi inaweza kuwa ya gari la mtu aliyelia.

Na ile ya zamani? Usiiuze kwa wauza vyuma. Nawaomba sana. Mwaga maji yote, toa plagi, mimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda, zungusha krenki kwa mkono, rudisha plagi, ziba matundu yote, uiweke juu ya mbao, si juu ya saruji. Kila baada ya miezi michache izungushe tena. Andika kwenye bati namba ya chasisi iliyotoka, ulifunge kwa waya. Gari likiuzwa, injini iende nalo. Na daftari liende nalo: waya gani umeunganishwa na nini, sampu imetoka gari gani, kalipa ni za nini, boliti zipi zimebadilishwa. Fundi atakayelifungua baada yako hatakuwa na namba yako ya simu.

Nje pale kuna Z ya buluu, boneti iko wazi. Ina L28 ya Patrol, kalipa za Hilux na vizingiti vipya, na daftari lake liko juu ya dashibodi. Njooni na sumaku zenu mjaribu kila kona, mwenyewe ameruhusu. Maswali nitayajibu tukiwa pale, kwa sababu kuna mambo ya chini ya gari ambayo siwezi kuwaonyesha nikiwa jukwaani. Asanteni sana kwa kunisikiliza.